Kuvumilia si Kunyamaza: Ombi la Kutulizwa Maumivu katika Utendi wa Mwana Kupona na katika Lugha ya Chumba cha Matibabu

Ikisiri

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kuusoma uvumilivu wa mwanamke kama kimya alichofundishwa na jadi. Makala haya yanautilia shaka usomaji huo kwa kuchunguza tendo uneni moja: ombi la mwanamke la kutulizwa maumivu ya mwili. Vinachunguzwa vitu vitatu: Utendi wa Mwana Kupona, msamiati wa uchungu, ganzi na nusukaputi, na methali zinazohusu kuficha na kufichua mwili. Hoja kuu ni kwamba jadi haikumnyima mwanamke lugha ya kuomba nafuu, bali ilimwekea mpaka wa nani aombwe. Mpaka huo ungali hai katika chumba cha matibabu, mahali ambapo mwanamke huwekewa kitanzi, husafishwa kizazi au hushonwa msamba huku nafasi ya kuomba ganzi ikiwa finyu. Makala yanapendekeza kwamba uhakiki utenganishe dhana mbili ambazo umekuwa ukizichanganya, yaani kuvumilia na kunyamaza.

1.0 Utangulizi

Tangu Elaine Scarry alipochapisha The Body in Pain mwaka 1985, wahakiki wengi wameshikilia wazo lake kwamba maumivu makali huiharibu lugha. Sehemu ya pili ya wazo hilo imetumiwa kwa nadra zaidi: mwenye maumivu ana yakini nayo, ilhali anayeelezwa hubaki na shaka. Kwa mtazamo huo, kupata maneno ya kuyataja maumivu ni nusu tu ya safari. Nusu nyingine ni kumpata msikilizaji mwenye uwezo wa kutenda, ambaye atakubali kwamba alichoambiwa ni kweli.

Suala hili linaonekana waziwazi katika taratibu za tiba ya uzazi. Kitanzi kinapowekwa, mlango wa kizazi huweza kushikwa kwa koleo na kipimo hupitishwa hadi ndani ya mji wa mimba. Mimba inapoharibika, mabaki huweza kuondolewa kwa kunyonywa kwa mrija. Baada ya kujifungua, msamba uliochanika au uliokatwa hushonwa. Wanawake hawayapati maumivu kwa kiwango kimoja: mmoja husikia mkwaruzo, mwingine huzirai. Njia za kutuliza zipo, kuanzia vidonge vinavyomezwa kabla hadi sindano ya ganzi inayochomwa pembeni mwa mlango wa kizazi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 kuhusu huduma za utoaji mimba unataka dawa ya maumivu itolewe kama sehemu ya kawaida ya huduma. Agosti 2024, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, CDC, nayo ilitoa mapendekezo yanayotaka mwanamke aelezwe kuhusu maumivu kabla ya kuwekewa kitanzi na kushirikishwa katika kupanga namna ya kuyatuliza. Dawa na miongozo vikiwapo, swali linalobaki kwa kiasi kikubwa ni la lugha: nani anaomba, kwa maneno gani, na ombi lake linapokewaje?

2.0 Mgonjwa anayeusia: Utendi wa Mwana Kupona

Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, umesomwa zaidi kama hati ya utiifu wa mke. Wapo walioushutumu kwa kumfunga mwanamke, na wapo waliouona kuwa na sauti ya chini iliyo tofauti na sauti ya juu. Usomaji wa Ann Biersteker wa mwaka 1991 ulisaidia kuuondoa mjadala kwenye swali la iwapo utendi ni mzuri au mbaya kwa wanawake na kuupeleka kwenye swali la namna lugha yake inavyofanya kazi. Hata hivyo, jambo moja linaloonekana tangu mwanzo wa utendi limepewa uzito mdogo: anayezungumza ni mgonjwa. Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, anamwita bintiye Mwana Hashima akae karibu na kumweleza kuwa maradhi yamemshika kwa muda wa mwaka mzima. Wasia wote unatoka katika mwili unaoumwa.

Hali hiyo inaubadilisha usomaji wa sehemu mbili. Ya kwanza ni ile inayohusu kumtunza mume. Binti anausiwa amtazame mumewe kama mtoto mchanga asiyejua kusema. Mume akilala, mke asimwamshe, na asikose kumpapasa na kumpepea. Wahakiki wameiona sehemu hii kuwa kilele cha utumishi wa mke, na hawakukosea. Lakini pia ni maelezo ya kina ya namna ya kuuhudumia mwili wa mwingine: mtunzaji asingoje kuambiwa, ausome mwili na autangulie kwa nafuu kabla ya ombi. Maarifa hayo ya utunzaji yanaelekezwa upande mmoja tu. Mwenye kuusia, ambaye ndiye mgonjwa, hamwagizi bintiye ampepee.

Sehemu ya pili ni dua inayoufunga utendi. Hapa mwanamke yuleyule aliyefundisha kuomba radhi na ruhusa anaomba afya. Anamkabidhi Mungu wanawe na kumwomba amwondolee maradhi, tena bila haya na bila kujilaumu kwa kuomba. Dua ya Kiislamu ina utaratibu unaojulikana: anayeombwa husifiwa, hali ya mwombaji huelezwa, kisha haja hutajwa. Anayeomba hivyo hahesabiwi kuwa amekosa subira, kwa kuwa kuomba kwenyewe ni ibada.

Kwa hiyo, si sahihi kudai kwamba utendi huu unamfundisha mwanamke kuyanyamazia maumivu yake. Unamfundisha kuyasema kwa ufasaha mkubwa mbele ya Mungu, huku ukikaa kimya kuhusu kuyasema mbele ya binadamu mwenye uwezo juu ya mwili wake. Radhi tano ambazo mwanamke anaambiwa azitafute, yaani ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama na ya mume, zote zinaelekea juu. Utendi haumtaji binadamu yeyote anayepaswa kuitafuta radhi yake yeye kabla ya kuugusa mwili wake. Katika lugha ya tiba ya leo, pengo hilo ndilo linaloitwa ridhaa ya mgonjwa, neno lenye asili moja na radhi.

3.0 Uchungu unaoongezwa, ganzi inayoogopwa

Pengo hilo lina mizizi pia katika msamiati. Kiswahili kinatofautisha maumivu na uchungu, lakini katika uzazi neno la pili ndilo linalotawala. Uchungu ni maumivu, na wakati huohuo ni hatua: mwanamke hushikwa na uchungu, uchungu huanza, hupoa, hurudi. Katika wodi za wazazi, dawa inayochochea mji wa mimba kujikaza huitwa dawa ya uchungu, na mjamzito huambiwa kwamba ataongezewa uchungu. Neno moja limebeba kazi ya mwili na mateso ya mwili. Matokeo yake ni kwamba anayeomba apunguziwe uchungu huweza kueleweka kama anayeomba uzazi usimamishwe. Uchungu ukisifiwa kuwa dalili njema, anayeulalamikia huonekana analalamikia heri yake.

Upande wa nafuu, lugha ina maneno mawili makuu. Ganzi ni hali ya kiungo kukosa hisi. Mguu uliokaliwa hufa ganzi, na meno hutiwa ganzi na embe bichi. Kabla ya kuwa tiba, neno hili lilitaja hitilafu. Nusukaputi, dawa ya kumlaza mgonjwa anayepasuliwa, inatisha zaidi, kwa kuwa kaputi katika matumizi ya mitaani ni kufa, na nusukaputi ni kufika nusu ya njia hiyo. Anayeomba nusukaputi anaomba nusu ya kifo. Kati ya maneno haya mawili, nafuu ya kati, inayoelezwa na tabibu kama ganzi ya mlango wa kizazi pekee au dawa ya kulegeza mwili bila kulala, haina jina la kawaida analoweza kulitamka mwanamke aliye kitandani. Ni vigumu kuomba kitu ambacho mwombaji hana jina lake.

Sarufi ya taratibu zenyewe inaongeza uzito. Mwanamke huwekewa kitanzi, husafishwa kizazi, hushonwa, hupimwa. Vitenzi vyote vimo katika kauli ya kutendwa, na yeye ndiye anayepokea tendo. Kitenzi safisha kina mzigo wa ziada, kwa sababu kinachosafishwa hudhaniwa kuwa kilikuwa kichafu. Mwanamke ambaye mimba yake imeharibika yenyewe na yule anayeshukiwa kuitoa huelezwa kwa kitenzi hichohicho. Pale ambapo sheria inaadhibu utoaji mimba, kama Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inavyofanya isipokuwa katika mazingira machache, ombi la ganzi huweza kufuatwa na maswali. Kimya cha mwanamke huyo hakitokani na mila peke yake. Ni hesabu aliyoipiga kuhusu hatari ya kusema.

Ndani ya mazungumzo yenyewe, zamu ya mhudumu imejaa amri fupi: jikaze, vumilia, tulia, kidogo tu. Amri hizi hufuatwa mara nyingi na neno mama, ambalo ni la heshima na upole. Lakini akiambiwa aliyetoka kupoteza mimba, “jikaze, mama” humpa cheo saa ileile anapokikosa, na humtaka alipe gharama ya cheo hicho kwa ustahimilivu. Hata neno pole lina utata wake. Linakiri kwamba maumivu yapo, na wakati huohuo linaweza kufunga mazungumzo, kwa kuwa jibu lake la adabu ni nimeshapoa au asante, wala si ombi la dawa.

4.0 Methali zinazogombana

Ingekuwa rahisi kuhitimisha kwamba utamaduni wenyewe ndio uliojenga kimya hicho. Methali zinaonyesha vinginevyo. Ni kweli kwamba subira huvuta heri na mvumilivu hula mbivu. Lakini ghala hilohilo linasema mficha uchi hazai, na mficha maradhi kifo humuumbua. Methali ya kwanza kati ya hizi mbili hutumiwa leo kwa maana pana ya kueleza shida ili usaidiwe, ingawa taswira yake ni ya mwanamke mbele ya mkunga. Inampa ruhusa ya kufichua kile ambacho adabu inakisitiri, kwa sababu mkunga hawezi kufanya kazi na mwili uliofichwa.

Hapo ndipo ukinzani unapokuwa na maana kwa mhakiki. Katika chumba cha matibabu, nusu ya methali hutimizwa kwa ukamilifu: uchi hufichuliwa. Nusu ya pili, kwamba aliyejifichua apewe msaada aliojifichulia, huachwa. Mwili unasemeshwa na maumivu yake yananyamazishwa. Nayo methali kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake inaijibu amri ya kidogo tu: kipimo cha maumivu kiko kwa aliyelala kitandani, hakiko kwa aliyesimama kando yake.

5.0 Sifa ya uvumilivu kama kibali

Mkanganyo wa kuvumilia na kunyamaza hauishii Uswahilini, na historia ya tiba ya uzazi yenyewe inaonyesha unakoelekea. Kati ya 1845 na 1849 huko Montgomery, Alabama, daktari J. Marion Sims aliwapasua tena na tena wanawake watumwa waliokuwa na fistula. Majina ya watatu yamehifadhiwa: Anarcha, Betsey na Lucy. Matumizi ya etha yalionyeshwa hadharani Boston mwaka 1846, na klorofomu ikaanza kutumiwa katika uzazi Edinburgh mwaka 1847, lakini wanawake hao walipasuliwa bila dawa hizo. Ustahimilivu wao ukaingia katika masimulizi ya daktari kama sifa. Aliyesifiwa kwa kustahimili hakuwa na haki ya kukataa, na sifa ikageuka kibali cha kuendelea.

Mfano huo una onyo kwa uhakiki wa Kiswahili. Kila mhakiki anapomsifu mhusika wa kike kwa kuvumilia bila kuuliza kama aliwahi kupewa nafasi ya kuomba nafuu, anairudia sifa ileile. Riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika (1971), imejadiliwa mno kwa upande wa malezi, ukali wa baba na anguko la binti. Mwili wa Rosa, hata pale ambapo mimba na utoaji wake vinahusika, umesomwa kama ushahidi wa maadili. Swali la mwili huo uliumia vipi, na nani aliambiwa, lingali linasubiri mhakiki.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba Kiswahili kina kielelezo kamili cha ombi la nafuu, tena kilichotungwa na mwanamke mgonjwa katika utendi unaohesabiwa kuwa mama wa mawaidha ya utiifu. Kilichokosekana ni msikilizaji wa kibinadamu anayewajibika kulipokea ombi hilo. Kazi ya kumweka msikilizaji huyo ni ya watunga sera na wahudumu, lakini haiwezekani bila wanaisimu na wafasiri. Fomu za ridhaa na vijitabu vya afya ya uzazi kwa Kiswahili vinahitaji kutenganisha uchungu na maumivu, kuipa jina jepesi nafuu iliyo kati ya ganzi na nusukaputi, na kuandika ombi katika kauli ya kutenda: naomba ganzi kabla hujaanza, naomba usimame, bado ninaumia. Uhakiki nao unadaiwa kusoma upya. Mwana Kupona alivumilia mwaka mzima wa maradhi, na katika mwaka huo hakunyamaza.