Kadi ya Matatu Iliuawa na Funguo Zake

Kenya iliagiza kwamba kuanzia tarehe 1 Julai 2014 nauli ya matatu, mabasi madogo ya abiria, isilipwe tena kwa pesa taslimu. Siku ilipokaribia, kila kampuni ilikuwa na kadi yake na kisomaji chake, na hakuna aliyezilazimisha zisomane. Uamuzi huo wa kuacha kila mtu ajifungie nyumbani kwake ndio ulioua mpango mzima. Wako wanaosema hadi leo kwamba Waafrika hawakuwa tayari kwa teknolojia ya kugusa. Hiyo ni kashfa. Abiria walikuwa tayari, simu zilikuwa tayari, redio ilikuwa tayari. Waliokosea ni walioketi mezani kugawana funguo.

Turudie tukio lenyewe, maana wengi wamelisahau upesi. BebaPay ya Google na benki ya Equity ilikuwa imeingia barabarani mwaka 2013. Ikaja kadi iliyoitwa 1963, ikaja Abiria ya benki ya KCB, na sako (chama cha wenye matatu) moja ikachagua hii, nyingine ile. Sasa chukua abiria wa kawaida wa Nairobi, anayepanda gari la kwanza kutoka mtaani hadi mjini, kisha la pili hadi kazini. Katika gari la kwanza kadi yake inasomwa. Katika la pili anaigusisha kwenye kisomaji, na kisomaji kinakaa kimya. Makanga anamwambia atoe pesa. Salio lake lipo, kadi yake nzima, lakini kwa gari lile ni plastiki tupu. Ili asafiri siku moja bila noti angehitaji kadi mbili au tatu, na akiba yake ya nauli igawanywe kote humo, shilingi kadhaa huku na kadhaa kule. Nani mwenye akili zake angekubali, na noti mfukoni inapokelewa kila gari?

Kinachoniuma kama mpenzi wa ufundi huu ni kwamba mkononi kadi zote za namna hii ni ndugu. Kisomaji kina koili inayotoa uga wa sumaku wenye marudio ya megahezi 13.56. Kadi haina betri. Ndani yake mna koili nyembamba na chipu. Ikifika sentimita chache kutoka kwenye kisomaji, uga ule unaingiza umeme kwenye koili ya kadi na chipu inaamka. Chipu hairushi mawimbi yake. Inajibu kwa kubadilisha mzigo inaouweka kwenye uga wa kisomaji, na kisomaji kinahisi mabadiliko hayo na kuyasoma kama moja na sifuri. Uga wa sumaku hudhoofika haraka mno umbali ukiongezeka, ndiyo maana lazima usogeze kadi karibu, na ndiyo maana abiria wa kiti cha nyuma hatozwi nauli ya wa mbele. Kanuni za mazungumzo hayo zimeandikwa katika viwango vya kimataifa, ISO 14443 kikiwa maarufu kuliko vyote, na Nokia, Philips na Sony waliunda NFC Forum, jumuiya ya teknolojia hii ya kugusa (NFC), mwaka 2004 ili vifaa vya makampuni tofauti viweze kuongea.

Kwa hiyo redio ilikuwa moja. Kilichotofautiana ni funguo. Baada ya kuamka, chipu na kisomaji huhojiana: kisomaji kinatuma namba ya kubahatisha, chipu inaichanganya na ufunguo wa siri iliouficha ndani na kurudisha jibu ambalo mwenye ufunguo huohuo tu anaweza kulithibitisha. Bila ufunguo, kisomaji kinaiona kadi lakini hakiwezi kuigusa pesa yake. Suluhisho la hapo linajulikana na ni la kale: wenye magari wote wanakubaliana kisomaji kimoja kiwe na funguo za wote, na kila jioni kituo kimoja cha mahesabu kinagawa mapato kwa kila mwenye haki. Hong Kong walifanya hivyo mwaka 1997 kwa kadi ya Octopus, reli na mabasi pamoja, kisha kadi ikaingia madukani. Nairobi ilikuja miaka 16 baadaye na ikaanza upya na kosa ambalo wengine walikwisha kulikwepa.

Nusu ya pili ya kosa hilohilo ilikuwa jioni. Matatu huishi kwa siku: mwenye gari anadai hesabu yake, mafuta yanunuliwe, dereva na makanga walipwe kabla ya kwenda kulala. Pesa ya kadi iliingia akaunti ya mwenye gari, na wafanyakazi wakabaki kusubiri. Walipoanza kukataa kadi, waliitwa wahuni. Mimi nasema walisoma mfumo vizuri kuliko waliouchora. Pesa ambayo mfanyakazi hawezi kununulia unga usiku uleule, kwake si pesa.

Kazi nzuri ilikuwepo: BebaPay ilitoa kadi bure, kisomaji kilikuwa simu ya kawaida yenye NFC, na abiria alipata risiti kwa ujumbe mfupi. Lakini tarehe 15 Machi 2015 Google ikaifunga huduma. Mfumo wa wazi ungeweza kubaki hata mmoja wa wenyewe akiondoka. Huu uliondoka na mwenyewe. Uchungu unazidi ukikumbuka kwamba mwishoni mwa 2013 Google hiyohiyo, katika Android 4.4, iliruhusu programu yoyote kuifanya simu ijibu kama kadi. Mkono mmoja ulifungua mlango, mwingine ukajenga ukuta.

Hapa ndipo naikumbuka huduma ya pesa za simu, M-Pesa ya 2007. Walioianzisha, Susie Lonie na Nick Hughes, pamoja na wahandisi waliokuwa nao, hawakuwa na chipu ya kugusa wala kisomaji. Walikuwa na laini ya simu na wakala wa mtaani. Lakini walijibu swali la jioni kwanza: pesa iliyoingia iweze kutoka, palepale, kwa noti. Kila nikichambua mfumo mpya nauweka karibu na ule, na mara nyingi mpya unashindwa. Na nina chuki moja, ile ya siri za kiwandani. Kadi ya MIFARE Classic ilitegemea hesabu iliyofichwa na mtengenezaji. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, waliivunja hadharani. Hesabu iliyo wazi na kujaribiwa na wengi hudumu. Iliyofichwa hungoja siku yake.

Jirani zetu wa Kigali walitazama vizuri zaidi. AC Group ya Patrick Buchana ilianzisha Tap&Go mwaka 2015, na kadi ileile ikakubaliwa na makampuni tofauti ya mabasi ya mji. Mtu wa Goma akivuka Gisenyi na kufika Kigali, anaona kwa macho yake kwamba mkono wa abiria wa Kiafrika unajua kugusisha.

Nayaandika haya kwa ajili ya Kivu. Sehemu ya tantali ya simu hizi inatoka katika mashimo ya Rubaya pale Masisi, lakini faida ya simu zenyewe hatujaipangia. Teknolojia ya kugusa tunayo tayari mikononi: pasipoti ya kibayometriki ya Kongo ina chipu ya aina hii, na baadhi ya simu zinazouzwa Goma zinaweza kusoma kadi. Siku moja mtu atakuja kwa wamotari (waendesha pikipiki za abiria) wa Sake, Masisi au Walikale na kadi nzuri yenye rangi. Tumpokee kwa masomo ya Nairobi na ya kwetu. Yetu ni haya: kwa miaka mingi makuta (pesa) ya M-Pesa, Airtel Money na Orange Money yalizungushiwa kuta, kila mtandao na wake. Kisha Januari 2025 benki za Goma zikafungwa, noti zikaadimika, na watu wakabaki na simu na wakala. Kadi inayotegemea benki moja ingekufa asubuhi ileile.

Tena Walikale kuna vijiji ambako rezo, yaani mtandao wa simu, haifiki kabisa. Huko ndiko chipu ya kugusa ina nguvu kuliko pesa za simu, kwa sababu salio linaweza kukaa ndani ya kadi yenyewe, kisomaji kikalikata bila kuuliza mtambo wa mbali, na mahesabu yakapelekwa motari anapofika penye mtandao. Ni nguvu ya kweli, na ni aibu kuipoteza kwa ugomvi wa funguo.

Kwa hiyo viongozi wa vyama vya wamotari na wa magari, msisaini mkataba wa kadi yoyote kabla ya kupata majibu matatu kwa maandishi. Je, kisomaji cha mwingine kitaisoma? Je, itafanya kazi penye rezo sifuri? Je, dereva atatoa makuta yake jioni ileile, kwa wakala yeyote? Jibu moja likiwa hapana, rudisheni kadi kwa mwenyewe na mwendelee kupokea noti.