« Kra » si dawa ya mugongo

Wandugu, zile video za kiropraksi zinatudanganya. Mtu alipata aksida ya gari, wanamzungusha shingo, « kra! », anacheka: amepona! Lakini ile sauti si mfupa unaorudi pahali pake. Ni hewa ndani ya maji ya kiungo. Palmer, aliyeanzisha kazi hii Marekani mwaka 1895, alisema karibu magonjwa yote yanatoka ku uti wa mgongo. Alikosea. Kwa maumivu ya kawaida inaweza kusaidia kidogo, karibu sawa na mazoezi. Kisha aksida ni kitu ingine: mfupa ukiwa umevunjika, kuuzungusha kunaweza kukulemaza. Miguu ikikufa ganzi ao mkojo ukikuponyoka, kimbia hospitali. Mbele ya kumtumia rafiki ile video, umuulize: ulipita ku radio?