Kati ya Kuoza na Kuchacha

Kuna kazi za mikono zisizohesabiwa kuwa ufundi kwa sababu hazina karakana wala cheti, na zao lake huliwa kabla jua halijapanda. Kuchachusha chakula cha kuku ni mojawapo. Mfugaji mwenye kuku kumi au ishirini nyuma ya nyumba, Morogoro, Singida au Mbagala, huchukua pumba za mahindi, mahindi yaliyoparazwa na mashudu ya alizeti, akavimwagia maji, akavifunika, akangoja. Mpita njia ataona ndoo tu. Mimi naona ufundi uliokamilika, na nataka kuusifu kwa kueleza unavyofanya kazi, maana ufundi haupati heshima yake mpaka hatua zake zijulikane.

Pumba zikishalowa haziwezi kubaki zilivyo. Ndani ya siku mbili tatu lazima zigeuke: ama zitaoza, ama zitachacha. Nafaka ni ile ile, ndoo ni ile ile, na joto ni lile lile. Zikioza, umepoteza fedha na pengine ukaua vifaranga. Zikichacha, umepata chakula ambacho tumbo la kuku hukipokea vizuri kuliko kilipokuwa kikavu. Anayeamua zielekee wapi ni mtu anayeitunza ndoo ile. Kazi yote imo katika utunzaji huo.

Chachu yenyewe hainunuliwi. Nafaka hutoka shambani ikiwa na bakteria kwenye maganda yake, na miongoni mwao wamo wale wa jamii ya Lactobacillus, wanaokula sukari na kutoa asidi ya laktiki, asidi ile ile inayoyafanya maziwa ya mgando yawe makali. Wakipata maji na joto wataamka wenyewe. Mtunzaji hawaumbi, anawaandalia mahali ambapo wao watawazidi nguvu wengine wote waliomo ndooni.

Kwa hiyo huanza na maji. Ya bomba yaliyotiwa klorini huyaacha wazi usiku kucha, kwa sababu dawa inayoua vijidudu vya maji itawaua na hawa anaowahitaji. Chombo ni ndoo ya plastiki iliyo safi au mtungi wa udongo. Bati na alumini huliwa na asidi. Kwa kila kilo ya chakula kikavu hutia lita moja na nusu ya maji, kisha hurudi baada ya saa chache kuongeza, maana pumba hunywa. Kipimo cha mwisho ni cha macho: maji yasimame juu ya chakula kwa upana wa vidole viwili. Vidole hivyo viwili vina maana kubwa. Ukungu hauishi bila hewa, ilhali bakteria wa asidi hawaihitaji. Punje iliyochomoza juu ya maji ni nyumba ya ukungu. Iliyozama iko salama. Ndiyo sababu mtunzaji hukoroga asubuhi na jioni, akahakikisha kilichoelea kimerudi chini, kisha akafunika kwa kitambaa au kifuniko kisichobana, gesi ipate pa kutokea.

Hapo ndipo pua huingia kazini. Siku ya kwanza ndoo hunukia unga mbichi. Siku ya pili ukichovya mwiko utaona viputo vikipanda na kusikia mchirizo wake, na harufu huanza kuchangamka. Siku ya tatu inakuja harufu kali, safi, ambayo kila aliyekunywa togwa anaijua. Lakini siku hizi si sheria. Dar es Salaam mwezi wa Februari siku mbili zinatosha. Njombe mwezi wa Julai nne huenda zisitoshe. Fundi hafuati kalenda, hufuata ishara. Utando mweupe mwembamba juu ya maji mara nyingi ni hamira ya porini, naye huukoroga ukazama. Manyoya ya kijani, meusi au ya waridi ni ukungu, na ndoo nzima humwagwa mbali na banda. Harufu kali ya siki inakubalika. Harufu ya uvundo haikubaliki hata siku moja.

Kinachotokea ndani ya ndoo kinaweza kupimwa. Kadiri asidi inavyozidi, pH hushuka kutoka karibu 6 hadi karibu 4, na katika ukali huo bakteria wa Salmonella na E. coli hushindwa kustawi. Kuna na faida ya pili, isiyoonekana kwa jicho. Fosforasi nyingi ya nafaka na mashudu imefungwa ndani ya fitati, ambayo pia hushika kalsiamu na zinki, na kuku hana vimeng'enya vya kutosha vya kuifungua. Kulowa na kuchacha huanza kuifungua kabla chakula hakijafika mdomoni. Pumba ni zile zile alizonunua mashineni, ila kuku anapata zaidi ndani yake.

Tena si jambo geni kwa ndege mwenyewe. Kuku akidonoa, chakula hakiendi moja kwa moja kwenye firigisi. Hutua kwanza kwenye gole, kile kifuko cha shingoni, kikalowa na kungoja. Gole la kuku mwenye afya limejaa bakteria wa jamii ile ile ya Lactobacillus. Mfugaji anayechachusha hamletei ndege wake kitu cha kigeni; anaianza mapema kazi ambayo mwili wa kuku umeumbwa kuifanya, na anaipa muda mrefu kuliko gole linavyoweza kuipa.

Wala si geni kwetu. Kabla ya kuwafikia kuku, maarifa haya yalikuwa jikoni. Mama anayepika uji wa mahindi au mtama, akauacha upoe, akatia kimea cha ulezi na kuufunika hadi kesho, anatengeneza togwa kwa kanuni zile zile: joto la kiasi, chombo safi, subira, na pua. Wanaovundika mihogo michungu ili kuipunguzia sumu ni wa ukoo huo huo wa maarifa. Katika miaka ya 1990 watafiti waliwapa watoto wadogo wa Tanzania togwa, na wengine uji usiochachushwa; wale wa togwa walionekana na bakteria wachache wa magonjwa ya tumbo. Wanawake waliolinda elimu hiyo kizazi baada ya kizazi hawakuhitaji kipimo cha pH ili kujua kwamba uji mkali humkalia mtoto vizuri tumboni. Mfugaji wa leo anayetumia pua yake kwenye ndoo ya pumba anatumia urithi wao, na yafaa aseme hivyo waziwazi.

Nazisifu pia pumba zenyewe, kwa sababu tumezoea kuzitaja kama kitu kisicho na thamani. Mwishoni mwa karne ya 19, huko Batavia katika kisiwa cha Java, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman aliona kuku wa maabara yake wakipooza miguu walipolishwa wali wa mchele uliokobolewa ukawa mweupe. Waliporudishiwa mchele wenye ganda lake, walipona. Uchunguzi huo ulifungua njia ya kuzijua vitamini, na mwaka 1929 akatunukiwa Tuzo ya Nobel. Kilichowaponya kuku wale kilikuwa kwenye pumba.

Lakini ufundi wa kweli hujua mpaka wake, na hapa ndipo ninapomheshimu zaidi mtunzaji makini. Mwaka 1960 nchini Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa baada ya kula mashudu ya karanga yenye ukungu. Kutokana na vifo hivyo dunia ikaijua sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi. Kuchachusha si dawa ya kutegemea dhidi yake. Mahindi yaliyoota ukungu ghalani hayasafishwi na ndoo, na anayeyaloweka akidhani asidi itayatakasa anawadhulumu kuku wake na walaji wa mayai yake. Uteuzi wa nafaka hutangulia kila kitu: ipepetwe, iangaliwe, inuswe ikiwa kavu.

Vivyo hivyo kila kiungo kina zamu yake. Dagaa hawatiwi ndooni siku ya kwanza, kwa kuwa protini ya samaki ikikaa majini huelekea haraka kwenye uvundo. Huchanganywa asubuhi ya kulisha. Chokaa ya maganda ya mayai huwekwa kwenye chombo chake pembeni, maana chokaa huzimua asidi na kuiharibu kazi ya siku tatu. Soya huchemshwa au kukaangwa kwanza, kwa sababu mbichi ina kitu kinachozuia usagaji wa protini. Na hakuna ukali wa ndoo unaozuia ugonjwa wa kideri. Chanjo ni chanjo: tone la jicho kila baada ya miezi mitatu, kuku mmoja mmoja, bila kuruka hata jogoo mkorofi.

Mwenye utaratibu hana ndoo moja, ana tatu. Ya leo inaliwa, ya kesho inatoa viputo, ya keshokutwa imelowekwa sasa hivi kwa kikombe cha maji makali kutoka ile iliyoiva, ili bakteria wazoefu waanze kazi mapema. Chakula hukamuliwa kikabaki na unyevu wa kushikana mkononi. Kuku wapya hupewa kidogo kidogo kikichanganywa na kikavu. Watafiti wa Denmark waliochapisha matokeo yao mwaka 2009 waliona mayai ya kuku waliolishwa hivi yakizidi uzito na maganda yakiwa imara zaidi, lakini waliona pia kwamba kuku walihitaji muda kukizoea. Kinachobaki kwenye kihori kabla ya jua kali huondolewa, kihori kikaoshwa, kwa sababu kuoza hakungoji mlango mwingine. Huingia kupitia mabaki.

Utaratibu huo ndio unaonifanya niseme kwamba faida kubwa ya ufundi huu ni ya mtunzaji kabla ya kuwa ya kuku. Ufugaji mdogo mara nyingi huendeshwa kwa kukurupuka: kumekucha, kuku wanalia, mtoto anatumwa dukani na noti moja. Anayechachusha amejitoa katika mbio hizo. Mlo wa asubuhi aliushughulikia juzi, na mlo wa keshokutwa unamtaka dakika kumi jioni hii. Amejifunza kuwatumikia viumbe vidogo asivyoviona ili kuwalisha viumbe anaowaona, na kukubali kwamba kazi yenyewe inafanywa na wengine, yake ikiwa kuwalindia nafasi.

Vipimo vya lita na kilo vinaandikika, nami nimeviandika. Pua haiandikiki. Mtoto aliyesoma maelezo haya yote bado hatajua tofauti ya ukali safi na uvundo unaoanza mpaka ainamishe kichwa juu ya ndoo mwenyewe, leo na kesho na keshokutwa. Basi mwenye ndoo asifanye kazi hii peke yake alfajiri watoto wamelala. Amwite mmoja, amfunulie kifuniko, amuulize imefika au bado, na asimjibu haraka.