Jina Kabla ya Kosa: Neno juu ya Sinema «Maman Colonelle»



Sinema iitwayo «Maman Colonelle» ilitengenezwa na Dieudo Hamadi, mzaliwa wa mji wetu wa Kisangani. Mwaka 2017 ilionyeshwa Berlin, Ujerumani, na baraza la waamuzi wa Kikristo, Wakatoliki na Waprotestanti pamoja, likaipa tuzo. Si hadithi ya kubuni. Inamfuata Kolonel Honorine Munyole, mkuu wa kikosi cha polisi cha kulinda watoto na kupigana na ubakaji, tangu anapohamishwa kutoka Bukavu mpaka anapofanya kazi huku kwetu.

Nataka kuipima sinema hii kwa jambo moja linalotugusa hapa Mangobo: namna tunavyowatazama watoto tunaowaogopa.

Ndani yake tunaona watoto waliokonda, waliofungiwa na kuteswa kwa sababu walisemwa kuwa wachawi. Kwa waliowafungia, watoto hao ndio wenye hatia. Kwa Kolonel, wao ndio waliotendewa vibaya, na waliowatesa ndio wa kujibu. Hiyo ndiyo nguvu ya sinema: inaligeuza swali, nasi tunaotazama tunajikuta upande wa wanaoulizwa.

Sheria nayo iko upande wake. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshtaki mtoto kwa uchawi. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda watoto inamwadhibu afanyaye hivyo kwa kifungo cha mwaka 1 hadi 3, pamoja na faini. Ni wangapi kati yetu tumewahi kuwasomea majirani maneno hayo?

Sasa niseme upungufu niuonao. Sinema inatuonyesha watoto wasio na kosa, na kuwahurumia hao ni rahisi. Lakini Mangobo tunamjua pia kijana mwenye kosa la kweli: yule anyang'anyaye simu usiku, yule mwenye panga, tunayemwita kuluna. Mama aliyejeruhiwa njiani akitoka sokoni hakuota ndoto. Anastahili ulinzi na haki, wala sipendi mtu adhani kwamba huruma yangu inamsahau.

Ningependa sinema ituonyeshe njia itokayo kwa mtoto wa kwanza mpaka kwa huyo wa pili, maana mara nyingine ni mtoto yuleyule, miaka michache baadaye. Nyumbani anaitwa ndoki. Anafukuzwa, analala sokoni, anaiba mkate kwa njaa. Anapata wakubwa wa kumlinda, nao wanamfundisha kazi yao. Si wote wanaopita njia hiyo. Wengine wana baba, mama na kitanda. Lakini huyu tulimpa jina kabla hajatenda kosa lolote.

Naungama la kwangu. Siku moja katika mafundisho ya komunyo ya kwanza, sandali za mtoto mmoja zilipotea. Nilimtazama mara moja kijana aliyekuwa akilala nje. Sikusema neno, macho yalitosha. Baadaye sandali zilionekana chini ya benchi. Jumapili iliyofuata kijana yule hakuja, wala iliyofuata.

Jina likitangulia, adhabu nayo hutangulia hukumu. Huko Kinshasa, tangu Novemba 2013 hadi Februari 2014, polisi walifanya msako wa kuluna ulioitwa Likofi. Shirika la Human Rights Watch liliandika kwamba vijana na watoto wasiopungua 51 waliuawa na wengine 33 walitoweka. Kati yao walikuwamo wasiokuwa kuluna hata kidogo. Waliofanya hayo walikuwa polisi wa Taifa lilelile ambalo Kolonel Honorine analitumikia katika sinema. Basi sare haitoshi. Inategemea moyo wa aivaaye, na kelele za raia wanaomshangilia.

Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, walitaka kwanza kujua dhambi ni ya nani. Bwana wetu hakukaa katika swali hilo. Alichukua udongo, akaanza kazi ya kuponya.

Wazazi na wakatekista wenzangu, sinema hii yafaa kuonyeshwa parokiani na kuzungumzwa baada yake, hasa na sisi tulio wepesi wa kunong'ona. Mwizi na aitwe mwizi na hakimu, baada ya ushahidi. Kabla ya hapo ana jina lake la ubatizo, au lile alilopewa na mama yake. Tumwite kwa hilo.