Mawaidha ya Kumpoteza Mwandishi Chipukizi

Kila muhula tunapokusanya hadithi fupi za wanafunzi wetu hapa Kampala, hutujia hisia kwamba zote zimeandikwa na mtu mmoja. La hasha, waandishi ni wengi. Aliye mmoja ni mshauri wao. Mawaidha yake hayajachapishwa popote, lakini yanarithishwa kutoka darasa hadi darasa kama vitini vya zamani, nasi tumeona ni haki yahakikiwe kama kazi nyingine yoyote.

Mshauri huyu huanza na hali ya hewa. Jua lichomoze, jogoo awike, umande ung'ae, ndipo mhusika aruhusiwe kufumbua macho. Ukurasa wa kwanza unakwisha mtu hajatoka kitandani. Kisha msamiati: neno linaloeleweka ni la watoto, sharti litafutwe jingine kamusini. Ndiyo maana tumesoma kwamba Okello "aliabiri bodaboda" kwenda soko la Owino. Kuabiri ni kusafiri kwa chombo, hasa cha majini. Wanaoijua Kampala wakati wa mvua hawatamlaumu mwandishi, lakini hatudhani ndivyo alivyokusudia.

Majina nayo yana sheria yake: mwovu aitwe Fisadi, mwema aitwe Subira, msomaji asije akapotea. Hapa mshauri hujikinga kwa Shaaban Robert. Ni kweli, katika Kusadikika (1951) Karama anashtakiwa na Majivuno. Hata hivyo, Kusadikika ni nchi iliyo angani, na majina hayo ni sehemu ya istiari yake. Hadithi ikishuka Ntinda, penye kodi ya nyumba na majirani wenye redio, lazima tuulize: mama gani alimpakata mtoto wake mchanga akamwita Fisadi?

Hayo yote tungeyacheka yakapita. Linalotukera ni agizo kwamba hadithi ya Kiswahili lazima inuke bahari. Mwanafunzi wa Masaka, ambaye maji makubwa aliyowahi kuyaona ni Ziwa Viktoria, anatuletea dau, mikoko, na nahodha mzee anayekohoa barazani. Kutoka hapa hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara, na umbali huo unaonekana katika kila aya: tanga halina wa kulikaza, samaki hawana majina, upepo hauna upande unakotoka. Mwanafunzi huyohuyo, ukikaa naye nje ya darasa, atakueleza jinsi matooke yanavyofungwa katika majani ya mgomba yakaiva kwa mvuke, na jinsi kondakta wa taksi anavyochelewesha chenji mpaka abiria ashuke ameisahau. Hayo hayaandiki, kwa kuwa ameambiwa kwamba Kiswahili kina wenyewe na sisi tumeazima tu. Wazee wengi wa huku walikisikia Kiswahili kwanza kinywani mwa askari. Je, hadithi ya lugha hiyo kwenye kizuizi cha barabarani, na mtu anayetafuta neno la kumjibu mwenye bunduki, imsubiri mwandishi kutoka Lamu?

Euphrase Kezilahabi hakumsikiliza mshauri wetu. Rosa Mistika (1971) inaanzia Ukerewe, kisiwa cha ziwa hilihili, na hatujasikia msomaji wa Pwani aliyeirudisha dukani kwa kukosa mnazi.

Riwaya hiyohiyo inajibu agizo jingine, lile la kumwadhibu msichana. Katika hadithi tunazopokea, binti anayependa disko hufa ukurasa wa mwisho, na kijana aliyempeleka huko huendelea na masomo yake bila hata kuitwa jina. Rosa pia anakufa. Lakini Kezilahabi anatuonyesha mkono mzito wa baba yake, Zakaria, na hamwachi atoke bila lawama. Kifo chake kinatuuliza swali. Vifo vya wanafunzi wetu vinafunga daftari tu.

Ama kuhusu mhusika anayeamka mwishoni na kugundua kwamba yote yalikuwa ndoto, hatuna uhakiki. Hadithi za toleo lijalo zipokelewe ofisini kama kawaida, kurasa zisizozidi nne. Za ndoto tunazo za kutosha.