Kizazi, Kumbukumbu na Diski: Jinsi Kipakatalishi cha Mtumba Kinavyofufuliwa Jericho

Vipakatalishi vingi vinavyotumiwa katika mitaa ya Eastlands, Jericho ikiwemo, havikuanzia kazi Nairobi. Vilinunuliwa vikiwa vipya na kampuni na ofisi za ng'ambo, hasa Uingereza, vikatumiwa kwa miaka mitatu au minne hadi dhamana au mkataba wa kukodi ulipokwisha, kisha vikauzwa kwa jumla na kusafirishwa hadi Kenya, ambako hupitia maduka ya Moi Avenue na Luthuli Avenue kabla ya kufika mikononi mwa mwanafunzi au mfanyabiashara mdogo anayeishi kando ya Jogoo Road. Wauzaji huviita “ex-UK”, na jina hilo lina maana ya kiufundi pia, kwa kuwa plagi ya Uingereza yenye pini tatu za mstatili ndiyo inayotumika Kenya, na kwa hiyo chaja huchomekwa ukutani bila adapta. Alama nyingine ya asili hiyo ni kibodi, ambayo kwenye kitufe cha 3 huwa na ishara ya pauni (£) badala ya ile ya reli (#).

Mashine za namna hii kwa kawaida ni za daraja la ofisi, yaani HP EliteBook, Dell Latitude na Lenovo ThinkPad, ambazo waundaji wake walikusudia tangu mwanzo zifunguliwe na kutengenezwa na mafundi wa kampuni zilizozinunua. Kusudio hilo ndilo linalomwezesha fundi wa Jericho, mwenye bisibisi ndogo na meza moja, kuigeuza mashine iliyochoka ikawa chombo cha kutegemewa. Ili kazi yake ieleweke, na ili mnunuzi ajue analipia nini, ni lazima kwanza maneno yanayotumiwa kuitangaza mashine yatenganishwe, maana tangazo huwa sentensi moja ya haraka: “Core i5, RAM nne, mia tano.” Maneno hayo matatu yanataja vitu vitatu tofauti kabisa, na lile linalotamkwa kwa sauti kubwa zaidi ndilo mara nyingi lenye uzito mdogo katika kasi anayoiona mtumiaji.

Core i5 ni jina la prosesa, yaani chipu inayotekeleza maagizo ya programu zote. Watu wengi huamini kwamba i7 daima huishinda i5, na i5 huishinda i3, imani ambayo ni kweli tu pale prosesa zinazolinganishwa ni za kizazi kimoja na za aina moja. Kizazi huonekana katika namba inayofuata kistari: i5-6300U ni ya kizazi cha sita, kilichotoka mwaka 2015, na i5-8250U ni ya kizazi cha nane, kilichotoka mwaka 2017, huku herufi U ikionyesha kwamba chipu iliundwa kutumia umeme kidogo. Tofauti kati ya vizazi hivyo viwili ni kubwa, kwa sababu katika kizazi cha nane Intel iliongeza viini, yaani sehemu za prosesa ambazo kila moja inaweza kufanya kazi yake kwa wakati uleule, kutoka viwili hadi vinne katika chipu za kundi hilo. Hivyo i7-6600U yenye viini viwili huachwa nyuma na i5-8250U yenye viini vinne katika kazi inayoweza kugawanywa. Gigahezi nazo, yaani idadi ya mapigo ya saa ya prosesa kwa sekunde katika mabilioni, hupotosha zikisomwa peke yake: i5-6300U imeandikwa 2.4 na i5-8250U imeandikwa 1.6, lakini ya pili hupanda hadi 3.4 kazi inapozidi, na katika kila pigo viini vingi zaidi hufanya kazi kwa pamoja. Mnunuzi anayeuliza “ni i ngapi?” bila kuuliza “ni kizazi gani?” amepata nusu ya jibu.

Neno la pili, RAM, ni kumbukumbu ya muda, mahali ambapo programu iliyofunguliwa na data inayotumika hukaa ili prosesa izifikie papo hapo. Kumbukumbu hiyo hushikilia kila biti, yaani tarakimu moja ya 0 au 1, kama chaji ndogo ya umeme ambayo huvuja na hivyo sharti iandikwe upya kila baada ya milisekunde chache, kwa kawaida ndani ya 64. Umeme ukikatika, yaliyokuwemo yote hutoweka. Ndiyo sababu barua ambayo haijahifadhiwa hupotea stima inapozimika na betri ikiwa mbovu. Biti nane hufanya baiti moja, ambayo katika maandishi ya kawaida hutosha herufi moja, na gigabaiti moja ni takriban baiti bilioni moja.

Neno la tatu, “mia tano”, linahusu hifadhi ya kudumu, ambapo mafaili na programu hubaki mashine ikiwa imezimwa. Wauzaji wengine huita vyote viwili kumbukumbu, na mkanganyiko huo humgharimu mnunuzi, kwa maana huambiwa mashine ina “memori ya mia tano” akadhani imemzidi jirani mwenye 256, kumbe mia tano zake ni za diski ya sahani na 256 za jirani ni za SSD. Hapa ndipo siri ya ufufuo wote ilipo.

Diski ya sahani ni kifaa cha mitambo. Ndani yake sahani zilizopakwa sumaku huzunguka mara 5,400 kwa dakika katika vipakatalishi vingi vya zamani, na mkono mwembamba wenye kichwa cha kusomea husogea juu yake kutafuta mahali data ilipo. Mizunguko 5,400 kwa dakika ni mizunguko 90 kwa sekunde, na kwa hiyo mzunguko mmoja huchukua karibu milisekunde 11. Kwa wastani kichwa hungoja nusu ya mzunguko, milisekunde tano na nusu, baada ya mkono kuwa tayari umetumia milisekunde zake kadhaa kufika kwenye njia inayotakiwa. Ukijumlisha, diski huweza kujibu maombi yasiyofika mia moja kwa sekunde ikiwa vipande vinavyoombwa vimetawanyika. Mfumo endeshi, yaani programu kuu inayosimamia vifaa na programu nyingine zote, kama vile Windows, husoma maelfu ya vipande vya namna hiyo unapoamka, na dakika ambazo mtumiaji hukaa akiangalia kiduara kikizunguka kwenye skrini ni dakika za mkono huo ukisafiri huku na huko. Prosesa wakati huo haina la kufanya ila kungoja.

SSD haina kitu kinachosogea. Data hukaa katika chipu, na kipande chochote hupatikana kwa takriban sehemu moja ya kumi ya milisekunde au chini ya hapo, bila kujali kimekaa wapi, na hivyo idadi ya maombi yanayojibiwa kwa sekunde huhama kutoka chini ya mia moja hadi makumi ya maelfu. Kuna SSD za SATA, ambazo zimepewa umbo la diski ya zamani la inchi 2.5 na kasi yake hukomea karibu megabaiti 550 kwa sekunde, na kuna za NVMe, vijikadi vyembamba vinavyoingia kwenye nafasi iitwayo M.2 na kuweza kupita megabaiti 3,000. Kwa anayeandika barua, kufungua tovuti na kufanya hesabu za duka, tofauti kati ya hizo mbili ni ndogo mno ikilinganishwa na tofauti kati ya yoyote kati yazo na diski ya sahani, na fundi anayemshauri mteja mwenye fedha chache achukue ile ya SATA amemshauri vyema.

Uhusiano wa RAM na diski ndio unaoeleza kwa nini mashine ya gigabaiti nne huonekana kufa kabisa na si kupungua kasi tu. Kivinjari cha leo kikifunguliwa kurasa kumi, pamoja na Windows yenyewe, huijaza RAM ya kiasi hicho. Ikijaa, mfumo endeshi hauikatai programu mpya; huchukua vipande visivyotumika kwa wakati huo na kuviandika kwenye diski, ili baadaye uvirudishe vinapohitajika, mbinu inayoitwa kumbukumbu pepe. Kwenye SSD mbinu hiyo hupita bila mtumiaji kuitambua sana. Kwenye diski ya sahani kila kubofya huzaa foleni ya maombi mbele ya mkono uleule mmoja, diski hufikia asilimia mia ya uwezo wake, na kishale hukwama. Mtu huilaumu prosesa, akauza mashine na kununua nyingine yenye “i” kubwa zaidi, ilhali kasoro ilikuwa pengine kabisa.

Kazi yenyewe yafaa kufuatwa kwenye mashine moja inayojulikana sana, HP EliteBook 840 G3, ya skrini ya inchi 14 na prosesa ya kizazi cha sita. Kifuniko cha chini kikiondolewa, hatua ya kwanza ya fundi makini ni kuchomoa waya wa betri kwenye bodi kuu, kwa maana betri iko ndani na mashine iliyozimwa bado ina umeme. Nafasi mbili za RAM huonekana wazi, na mara nyingi moja ni tupu, jambo linalomaanisha kwamba kadi iliyopo haihitaji kutupwa. Huongezwa nyingine ya gigabaiti nne, zikawa nane, na mashine hupata faida ya ziada kwa sababu kadi mbili husomwa sambamba kupitia njia mbili. Kadi hiyo sharti iwe ya DDR4, inayotumia volti 1.2. Ya DDR3 iliyotoka kwenye mashine ya zamani haiingii, kwani pengo lililo kwenye ukingo wake limewekwa mahali tofauti kwa makusudi ili isilazimishwe. Kisha diski ya inchi 2.5 hutolewa na SSD kuwekwa mahali pake, na nafasi ya M.2 hubaki kwa siku ambayo mteja atakuwa na haja ya hifadhi zaidi.

Baada ya vifaa, mfumo endeshi husakinishwa upya kutoka kwenye flashi ya USB badala ya kunakiliwa kutoka diski ya zamani, ambayo yaweza kuwa na virusi na mabaki ya mwenye mashine wa kwanza. Mteja akiwasha mashine na kuona SSD yake ya 256 imeandikwa 238, asidhani ameibiwa: mtengenezaji huhesabu gigabaiti kuwa baiti bilioni moja, Windows huhesabu kwa vipeo vya mbili, yaani 1,073,741,824, na kiasi ni kilekile. Tofauti ya namna hiyo, iliyo kubwa zaidi, iko kwenye vifurushi vya intaneti vya mtaani, ambavyo hupimwa kwa megabiti ilhali mafaili hupimwa kwa megabaiti. Kwa kifurushi cha megabiti 5 kwa sekunde, faili la gigabaiti moja huhitaji karibu dakika 27 hata laini ikiwa safi.

Betri ndiyo sehemu ambayo maneno ya muuzaji hayawezi kuipima, lakini mashine yenyewe huweza. Amri ya Windows powercfg /batteryreport hutoa taarifa yenye namba mbili, uwezo ambao betri iliundwa nao na uwezo inaoweza kujazwa sasa, na ya pili ikiwa nusu ya ile ya kwanza, basi saa za matumizi zimepungua vivyo hivyo. Betri iliyovimba hadi kuinua kipanya-mguso ni suala la usalama, na haifai kuchajiwa tena hata mara moja.

Kuna jambo ambalo halitajwi kwenye tangazo lolote nalo huweza kubatilisha kazi yote. Mashine za ofisi huwa na BIOS, programu ndogo iliyo ndani ya bodi kuu inayoamsha vifaa kabla ya mfumo endeshi, na wasimamizi wa kampuni nyingi huifunga kwa neno la siri. Neno hilo halifutiki kwa kubadilisha diski wala kwa kusakinisha Windows upya. Mnunuzi anayewasha mashine, akabonyeza F10 kwenye HP, F2 kwenye Dell au F1 kwenye ThinkPad, na kuingia kwenye mipangilio bila kuulizwa neno la siri, ana hakika ambayo hawezi kuipata baada ya kutuma pesa kwa M-Pesa.

Kizazi cha prosesa hurudi kuwa na uzito kwa njia nyingine. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, hudai TPM 2.0, ambayo ni sehemu ya kutunza funguo za usimbaji, na kwa upande wa Intel huanzia kwa sehemu kubwa kizazi cha nane. Nayo Windows 10 ilikoma kupewa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Mpaka huo ndio uliozisukuma ofisi nyingi kuachana na mashine za kizazi cha sita na cha saba, ambazo bei yake hushuka ilhali vifaa vyake bado ni vizima. Kwa mwanafunzi wa Jericho anayehitaji kuandika, kusoma na kuvinjari, EliteBook kama hiyo yenye SSD na gigabaiti nane huendelea kufanya kazi salama ikiwekewa Linux, kwa mfano Ubuntu au Mint, ambayo hutolewa bure na husasishwa bila kujali kizazi. Anayelazimika kutumia programu ya uhasibu iliyoandikiwa Windows pekee afadhali aongeze fedha apate ya kizazi cha nane, hata kama itakuwa i3.