Jina Liko Nyuma ya Fremu

Kuna mkahawa mmoja hapa Upper Hill, jina lake tuliache, ambao umeikata leso vipande vitatu, ukavikaza kwenye fremu tatu za mbao na kuvipanga ukutani juu ya mashine ya kahawa. Leso yenyewe wengi tumeiona kiunoni mwa mtu: Sisi sote abiria, dereva Mungu. Aliyezitundika fremu hizo lazima aliambiwa aangalie rangi tu, kwa sababu kipande cha kwanza amekiweka mwisho. Ukikaa pale na kikombe chako, ukuta unakuambia: abiria dereva, Mungu sisi sote. Watu wanapiga picha mbele yake kila siku. Sijaona hata mmoja akishtuka.

Mimi nilicheka, halafu ikaniuma. Ukuta ule unafanya kwa sauti kile ambacho nyumba zetu nyingi zinafanya kimyakimya. Tunaitundika leso kana kwamba ni picha. Leso si picha. Ni nguo, tena nguo inayosema, na kila msumari unaopigwa bila kujua hayo unaharibu vitu viwili kwa pigo moja: uzi na maneno.

Tuanze na umbo. Leso (kanga, kwa ndugu zetu wa Tanzania) ni pamba yenye upana wa kama sentimita 150 na kimo cha kama 110. Ina pindo, ule mpaka unaoizunguka pande zote nne. Ina mji, yaani uwanja wa katikati. Na chini ya mji, juu kidogo ya pindo la chini, ina jina: maneno. Sasa mpe fundi wa fremu kazi hii. Fremu yake ni ndogo kuliko leso, na hata ikiwa sawa, lazima akunje nguo nyuma ya mbao ndipo aipige pini za stepla. Anachokunja ni nini? Pindo. Akivuta zaidi ili ua la katikati likae vizuri, jina nalo linaenda nyuma, linakaa gizani likitazama ukuta. Mbele unabaki na maua na nukta. Ungenunua karatasi ya kufungia zawadi ungepata hayo hayo kwa bei nafuu.

Uharibifu wa uzi uko hapohapo. Pini za stepla zinaliwa na kutu, na kutu ikishaingia kwenye pamba, kuitoa bila kuumiza nguo ni shughuli. Nguo iliyovutwa na kukazwa inachoka kwenye kila tundu, maana uzito na mvuto wote umeachiwa nyuzi chache. Gundi ndiyo mbaya kabisa: inakauka, inageuka njano, na leso haitoki tena. Kioo kikiigusa nguo moja kwa moja, unyevu unanaswa katikati. Mvua za Aprili na Mei unazijua. Ukuta wa nje wa keja za hapa unaweza kutoa ukungu ukiwa bado umelala.

Mjadala huu si wetu peke yetu. Mwaka 1971, jumba la makumbusho la Whitney, New York, liliyatundika matandiko ya viraka ya Marekani kwenye kuta nyeupe kama michoro ya kisasa. Mfarishi, tandiko la tabaka lililoshonwa kwa mkono ili watu wasilale na baridi, ukasimamishwa wima ghafla na ukasifiwa kwa mistari na rangi zake. Waliokusanya, Jonathan Holstein na Gail van der Hoof, walikuwa na macho mazuri, hilo siwanyimi. Lakini 1973 Patricia Mainardi aliandika kupinga namna wanawake walioshona kazi hizo walivyosukumwa pembeni ili nguo zao zifanane na kazi za wanaume wachoraji. Sina profesa wa kuniongoza hapa, chuo nilikiacha mwaka wa tatu, lakini nikisoma hoja hiyo naliona pindo letu likikunjwa nyuma ya mbao.

Aliyejibu vizuri zaidi, kwangu mimi, ni Faith Ringgold. Huyu alikuwa mchoraji aliyehamia kwenye nguo, na mfarishi wake wa kwanza, wa 1980, alishona pamoja na mama yake, Willi Posey, aliyekuwa fundi wa mavazi. Kuanzia 1983 akawa anaandika hadithi nzima juu ya nguo yenyewe, na katika Tar Beach ya 1988 maneno yamepangwa juu na chini ya picha. Huwezi kukunja ukingo bila kukata hadithi. Halafu kuna jambo la kawaida kabisa alilolipenda kwenye nguo: unaikunja kama mkeka, unaondoka nayo. Leso zilikuwa na mambo yote mawili, maneno na safari, zamani sana kabla ya hapo.

Kwa hivyo kutundika bila kuharibu ni namna ya kusoma. Njia ambayo makumbusho mengi hutumia ni rahisi mpaka inachekesha. Unachukua kitambaa cha pamba kisicho na rangi, unakishona kwa mkono nyuma ya leso, juu, kutoka kona hadi kona, kiwe kama upenyo wa kupitishia mpira wa sketi. Unapitisha fimbo. Uzito unagawanyika kwenye upana wote, hakuna uzi mmoja unaobeba wenzake. Fimbo ya mbao mbichi isiguse nguo, mbao hutoa asidi inayoacha madoa. Ipake vanishi ikauke kabisa au uifunge pamba safi. Kwa mfarishi mzito mantiki ni ileile, ila upenyo uwe mpana na mishono ishike tabaka la nyuma. Wengine hushona Velcro kwenye kile kitambaa cha nyuma, kamwe si kwenye leso yenyewe, na upande wa pili wanaupigilia kwenye ubao. Hiyo nayo inafaa.

“Landilodi hataki misumari.” Najua. Ukisoma mkataba wa keja za huku, msumari unatajwa kwa ukali kuliko mwizi, na dipoziti yako imewekwa rehani kwa kila tundu. Lakini leso moja haifikii hata nusu kilo. Ile fimbo ya pazia la bafu inayozungushwa mpaka ikabane kuta mbili inaibeba vizuri kwenye korido au kwenye kibaraza cha ndani. Au egemeza ngazi ya mbao ukutani na kupitisha fimbo kwenye vidato vyake. Hakuna tundu, na nguo haigusi ukuta wenye unyevu. Kulabu za kubandika siziamini sana kwenye rangi ya bei rahisi, maana hubanduka na rangi yenyewe, na hapo tena unaongea na landilodi.

Jua ndilo adui ambaye hana dawa. Nyumba za zamani za reli zilizokuwa na vigae vyekundu zimepisha vioo hapa mlimani, na keja mpya zote zinajivunia madirisha makubwa. Tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, mwanga unauma. Makumbusho huweka nguo kwenye mwanga wa kama luksi 50, hafifu kiasi kwamba unasubiri macho yazoee. Hatutaishi hivyo. Tunachoweza ni kuchagua ukuta usiopigwa na jua la jioni, mbali na jiko na mafuta yake, na kuishusha leso ipumzike kila baada ya miezi michache, imeviringishwa badala ya kukunjwa.

Hapa leso ina faida ambayo mchoro hauna. Inauzwa kwa doti, mbili zinazofanana. Tundika moja, vaa nyingine. Baada ya mwaka ziweke pamoja juu ya kitanda, uone jua limekula nini na maisha yamekula nini. Mimi ningelipa kiingilio kuona maonyesho ya doti hamsini za namna hiyo.

Na maneno? Rafiki yangu anakaa karibu na barabara ya Matumbato. Aliitundika leso yake vizuri, upenyo, fimbo, pindo zote nne zinaonekana. Shangazi yake akaja kutoka Mombasa kwa kliniki, akalala pale. Asubuhi akakaa kwenye kochi na chai yake, akatazama ukuta kwa muda mrefu.

“Mwanangu, hii umemwekea nani?”

“Ni mapambo tu, shangazi.”

“Hasidi hana sababu. Nimelala kwako usiku mmoja, naamka naambiwa hasidi.”

Alikuwa anatania, nadhani. Lakini alikuwa amefanya kazi ambayo mpambaji hakuifanya: aliisoma. Kwake leso ukutani ilikuwa bado mdomoni mwa mtu, na aliyekaa mbele yake ndiye aliyeambiwa. Mwanamke anayechagua leso ya kumpa mkamwana au jirani huanza na jina, rangi hufuata. Sisi tunaenda Biashara Street na picha ya kochi kwenye simu, tunatafuta kijani kinachofanana.

Ukuta wa rafiki yangu sasa hivi una fimbo tupu. Dada yake alijifungua mwezi uliopita, na shangazi akapiga simu kutoka Mombasa kuuliza leso iko wapi na inafanya nini juu huko wakati kuna mtoto. Ilichukua dakika mbili kuishusha, tano kufumua upenyo. Iko Buruburu, imetapikiwa mara kadhaa, na pindo zote nne ziko nayo.